Roho Inataka Kutoka

Neno la kwanza nililolitafsiri siku ile lilikuwa kosa. Mwanasaikolojia alitaja jina la ugonjwa kwa Kifaransa, nami nilikuwa nimejiandaa tangu usiku uliotangulia. Nilikuwa nimeunganisha maneno mawili mazuri, "shambulio la hofu", nikayatamka kwa Kiswahili sanifu, kama tunavyofundishwa hapa kitivoni. Mama aliyeketi mbele yetu akageuka haraka kutazama dirisha.

"Nani alishambulia?" akauliza. "Ni wapi? Panzi ao Bagira?"

Hapa Bukavu shambulio si sitiari. Shambulio lina bunduki, lina saa yake, na lina barabara ambayo watu wanaikimbilia. Mtu wa umri wa mama yule alishuhudia vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 2004 akiwa na macho yake mwenyewe. Nikasema haraka: "Hapana, mama, hakuna vita. Ni jina la ugonjwa tu." Lakini mikono yake ilikuwa imeshaanza kutetemeka. Dakika za kwanza za kikao zikaishia katika kumtuliza mgonjwa kutokana na neno la mkalimani.

Ilikuwa likizo ndefu ya mwaka 2024. Kituo kimoja kidogo cha ushauri hapa mjini kilikuwa kimempokea mwanasaikolojia kutoka Kinshasa, mtu wa Kifaransa na Lingala, kikatafuta mwanafunzi mwenye Kifaransa, Kiswahili na Mashi. Nililipwa nauli na chakula cha mchana. Kabla ya kuanza nilitia sahihi karatasi ya kutunza siri, na ninayoyaandika hapa ninayaandika kwa ruhusa ya mama huyo. Mtaa wake na kazi yake nimevibadilisha. Tuseme anauza sambaza katika soko la Kadutu. Maneno yake sikuyabadilisha, kwa sababu habari yenyewe ni hayo maneno.

Alieleza hivi. Siku moja, sokoni, hakukuwa na fujo wala milio ya risasi. Alikuwa anahesabu chenji ya mteja. Ghafla moyo ukaanza kumwenda mbio, kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, jasho likamtoka, soko likawa kama liko mbali. Akaacha bakuli la samaki, akaketi chini. Wenzake wakamwagia maji. Baada ya muda ikapita. Wiki iliyofuata ikarudi akiwa njiani, anapanda mlima. Halafu ikarudi kanisani. Jirani mmoja akasema ni presha, mwingine akasema kuna mtu anamwonea wivu biashara yake. Alikuwa ameshapimwa moyo na damu, na majibu yalikuwa mazuri. Kila jibu zuri lilimwogopesha zaidi: kama si moyo, basi ni kitu ambacho hata mashine hakikioni.

Alipofika tulipokutana naye, alikuwa ameacha kupanda mlima kwa miguu. Wasomaji wa Bukavu wanajua maana yake. Katika mji huu, mtu asiyepanda mlima hafiki sokoni, hafiki kanisani, hafiki kwa dada yake. Pesa ya samaki ilikuwa inaishia kwenye pikipiki.

Nilitarajia mwanasaikolojia aulize juu ya vita. Hakuanza na vita. Alieleza, nami nikatafsiri, kwamba hofu ya namna hii hupanda kwa dakika chache na kufika kileleni mara nyingi ndani ya dakika 10, kisha hushuka yenyewe, kwa sababu mwili hauwezi kukaa katika hali ya kukimbia hatari kwa muda mrefu. Alieleza kwamba mtu akipumua haraka mno hewa chafu hupungua kupita kiasi katika damu, na hapo ndipo kizunguzungu na ganzi ya vidole vinapotokea. Ni mwili uleule unaomwokoa mtu anapokutana na nyoka, isipokuwa safari hii nyoka hayupo.

Njia aliyoitumia ni tiba ya fikra na tabia, ambayo mizizi yake inahusishwa na daktari Aaron Beck wa Marekani katika miaka ya 1960. Kuhusu hofu ya ghafla hasa, mwanasaikolojia Mwingereza David M. Clark alichapisha mwaka 1986 makala ambayo bado inatumika. Hoja yake inaweza kusemwa kwa sentensi moja. Mtu anasikia jambo dogo mwilini, analipa maana ya maafa, maana hiyo inamtisha, hofu inaongeza lile jambo la mwilini, na lile jambo lililoongezeka linaonekana kuthibitisha maafa. Ni duara. Tiba inajaribu kulikata duara mahali pawili: kwenye ile maana, na kwenye yale mambo ambayo mtu anayafanya ili kujiokoa, kama kuketi chini, kukimbia soko au kukataa kupanda mlima.

Wenzangu wa kitivo, tazameni neno "maana" katika maelezo hayo. Sikulitazama. Nilidhani niko katika mambo ya udaktari na kwamba kazi yangu ni kupitisha maneno kutoka upande huu hadi upande ule, kama mtu anayepokezana matofali.

Vikao vilipangwa kuwa vitano. Viwili vya kwanza vikapita, na hofu ya mama haikupungua hata kidogo. Alikuwa ameelewa kwamba moyo wake ni mzima. Aliweza kurudia maelezo yote ya pumzi na ganzi. Bado alikuwa anakuja kwa pikipiki. Katika kikao cha tatu mwanasaikolojia akaweka kalamu chini, akanigeukia mimi, si yeye.

"Siku ya kwanza nilimwuliza nini kinampitia akilini wakati inapoanza. Alijibu nini? Sitaki maana yake. Nataka maneno."

Nikakumbuka. Mama alikuwa amesema: "Niko nasikia roho inataka kutoka." Nami nilikuwa nimesema kwa Kifaransa kwamba moyo wake unapiga kwa kasi.

Ninajua vizuri kwa nini nilifanya hivyo. Katika Kiswahili chetu cha Bukavu, roho na moyo hukaa karibu sana. Tunasema roho inadunda, roho inauma, roho yake ni mbaya. Nilijiambia kwamba mama anamaanisha moyo, ila hana neno sanifu. Nikamsahihisha. Na tena, niseme ukweli, niliona aibu kidogo mbele ya mgeni kutoka Kinshasa. Sikutaka afikiri kwamba watu wetu wanaamini roho inatoka mdomoni kama moshi. Kwa hiyo nikampa kitu cha hospitali.

Lakini mama hakusema kwamba moyo wake unapiga. Alisema kwamba anakufa. "Roho inataka kutoka" ilikuwa ile maana ya maafa yenyewe, ile ambayo tiba nzima inaitafuta. Mimi nilikuwa nimeificha kwa adabu, na kwa vikao viwili mtaalamu alikuwa anaitibu hofu ya moyo kwa mtu ambaye hakuwa na hofu ya moyo. Ukimwambia mtu kwamba moyo wake ni mzima, haijamjibu kitu kama anachoogopa ni roho kuondoka. Roho haipimwi kwa mashine.

Mwanasaikolojia hakunigombeza. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwulize mama: roho ikitoka, inatokea wapi? Inachukua muda gani? Mara zote zilizopita, ni nini kiliizuia? Mama akafikiri kwa muda mrefu. Akasema inatokea hapa, akagusa koo. Ndiyo sababu, wakati hofu inapoanza, anafunga mdomo na kuzuia pumzi, ili isipate njia. Hakuna aliyejua jambo hilo. Yeye mwenyewe hakuwa amelisema kwa mtu yeyote. Alikuwa anabana pumzi ili asife, na kubana pumzi na kuvuta kwa nguvu ndiko kulikokuwa kunamletea kizunguzungu alichokiona kuwa ni kifo.

Hapo nilikumbuka mambo niliyoyasoma baadaye kwa uangalifu zaidi. Nchini Zimbabwe, Benchi la Urafiki lililoanzishwa mwaka 2006 na daktari Dixon Chibanda linatumia bibi wa mitaani kusikiliza wagonjwa, na halikuanza na majina ya Kizungu. Lilianza na neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Mwanafunzi wa lugha za Kibantu atapenda kujua kwamba kufunga kwa Kishona ni kufikiri, na kwamba hatua ya kwanza ya mazungumzo ya benchi huitwa kuvhura pfungwa, kufungua akili. Kwa wakimbizi wa Kambodia walioko Marekani, mtafiti Devon Hinton alikuta hofu ya ghafla inaitwa kwa jina la upepo, khyâl, unaopanda mwilini hadi shingoni. Ukimtibu mtu huyo moyo, umemwacha na upepo wake.

Hata hapa kwetu kuna mfano. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Judith Bass na wenzake uliofanyika vijijini mashariki mwa Kongo, pamoja na Kivu Kusini, kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono. Tiba iliyotumika ilikuwa ya ukoo huohuo wa fikra na tabia, ikiendeshwa kwa vikundi na wasaidizi wa hapahapa ambao si madaktari. Wanawake wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo maneno na mazoezi yalirahisishwa ili yashikike bila karatasi. Miezi 6 baada ya tiba, asilimia 9 ya wanawake wa vikundi hivyo bado walikuwa na dalili za sonona au wasiwasi za kiwango cha ugonjwa. Kwa wale waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja walikuwa asilimia 42. Siku hizi ninapoisoma habari hiyo, ninawafikiria watu ambao hawatajwi katika jedwali lolote, wale waliokaa chini kutafuta jinsi ya kusema "fikra" kwa mwanamke wa kijijini.

Kosa langu la pili lilikuwa la upande mwingine. Katika kikao hichohicho cha tatu mwanasaikolojia alisema kwamba hofu ikija, mama asipigane nayo, aiache ije na ipite. Nikatafsiri: "Mama, hofu ikija, muvumilie. Mujikaze." Nilitumia mu- ya heshima, kama inavyotakiwa kwa mtu mzima, nikaona nimefanya vema. Sisi watu wa huku tunalipenda neno kujikaza. Ndilo tunalompa mfiwa, mwanafunzi aliyeanguka mtihani, na mwanamke anayejifungua.

Mama akatii. Mwanasaikolojia alipomwomba apumue haraka kwa makusudi kwa nusu dakika, ili ile hali ije hapo chumbani na aizoee, nikaona ngumi zikifungwa, meno yakibanwa, mabega yakipanda hadi masikioni. Alikuwa anajikaza kwa nguvu zake zote. Ilikuwa mbaya kuliko ya sokoni. Alilia, akasema anataka kwenda nyumbani, na mimi sikuwa na haja ya kutafsiri.

Baada ya kutulia, nikamwambia mwanasaikolojia mwenyewe, kabla hajaniuliza: neno nililotumia maana yake ni kukaza, kama mtu anavyokaza kamba. Tukatafuta lingine. Yeye akapendekeza mfano wa mvua: inakuja, inanyesha, inaisha. Nikakataa. Mwezi wa Mei 2023, huko Kalehe, mvua iliteremsha mito juu ya Bushushu na Nyamukubi na kuua mamia ya watu. Hata hapa mjini, mvua ikipiga usiku, watu wa mabondeni hawalali. Siwezi kumwambia mtu wa Bukavu aiache hofu ipite kama mvua.

Mama alikuwa anatusikiliza tukibishana kwa Kifaransa. Akaniuliza tunatafuta nini. Nikamweleza.

"Eeh," akasema. "Ni sawa maharagi."

Akaeleza. Ukiweka sufuria ya maharagi kwenye mbabula, makala yakiwa na moto mwingi, povu linapanda. Mtoto asiyejua kupika anaogopa, anakandamiza kifuniko. Povu linamwagika, linazima moto, linaunguza mkono. Mwenye kujua anafungua kifuniko. Povu linafika juu, linakutana na hewa, linashuka lenyewe. "Haulipigi. Haulikimbii. Unafungua tu, unaangalia."

Nilitafsiri kila neno, hadi mbabula. Mwanasaikolojia akaandika ukurasa mzima. Tangu siku ile hatukusema tena shambulio, wala mvua, wala kujikaza. Tulisema: povu linapanda, fungua kifuniko. Na kwa kuwa kifuniko kilikuwa mdomo uliofungwa na pumzi iliyobanwa, mama alijua la kufanya bila maelezo zaidi: anafungua mdomo, anaacha pumzi itoke polepole, anaangalia.

Hata kipimo tulikibadilisha. Mwanasaikolojia alikuwa na desturi ya kuuliza mgonjwa anaamini kwa asilimia ngapi kwamba atakufa. Asilimia hazikumwambia mama kitu. Tukaweka punje kumi za maharagi mezani. Anaziingiza kikombeni kwa kadiri anavyoamini.

Kikao cha nne kilifanyika barabarani. Tulisimama chini ya mlima wa Kadutu, sisi watatu. Kabla ya kupanda, mama akatia kikombeni punje tisa kwamba roho itatoka kabla ya kufika juu. Tukapanda bila kusimama. Katikati akanishika mkono, akasema inakuja. Mwanasaikolojia akasema, nami nikasema kwa sauti yake kama ilivyo kanuni ya ukalimani, "Niko hapa. Tuendelee polepole." Mama akafungua mdomo. Wapita njia walitutazama. Mwenye mkokoteni alitupigia kelele tumpishe. Tulipofika juu alikuwa anahema kama mtu yeyote aliyepanda mlima ule, akachukua kikombe, akatoa punje tano, akaziweka katika mfuko wa gauni lake. Zikabaki nne.

Nne si sifuri, na mwanasaikolojia alisema hivyo. Alisema pia kwamba hofu inaweza kurudi, na kwamba ikirudi haimaanishi kazi imepotea. Katika kikao cha tano mama alikuja kwa miguu.

Siku hiyo ya mwisho aliniuliza mimi swali, si mwanasaikolojia. "Na wewe, mwanangu, ulishaisikia hii kitu?" Mkalimani hajibu. Nikalitafsiri swali kwa Kifaransa kama kwamba lilikuwa la mwanasaikolojia, naye akajibu kwa heshima kwamba watu wengi huisikia angalau mara moja maishani. Nikatafsiri jibu hilo. Mama akaniangalia kidogo, akatabasamu, akaaga. Alijua nimemkwepa. Na kwa kweli wakati ule jibu langu lingekuwa hapana.

Likizo ilipokwisha niliacha kituoni karatasi moja kwa ajili ya mkalimani atakayefuata. Niliandika maneno ya kuepuka na sababu zake. Mwishoni niliandika: usimrekebishe mgonjwa. Akisema roho, sema roho. Kama mtaalamu haelewi, ataomba kueleweshwa. Lakini kama umeshampa neno jingine, hatajua kwamba kuna kitu cha kuuliza. Wahadhiri wetu hutufundisha kutofautisha sanifu na lahaja, na ni jambo jema. Ninachoongeza ni hiki tu: mtu anapoogopa kufa, anaogopa kwa lahaja.

Mwezi wa Februari 2025 vita vikafika mjini. Sitaeleza yale ambayo kila msomaji wa jarida hili anayo kwake. Nitasema tu kwamba majuma machache baadaye, usiku, mji ukiwa kimya kabisa, niliamka na kifua kimebana na vidole vimekufa ganzi, na nikawa na hakika, mimi niliyetafsiri maelezo yote ya Clark na ya pumzi, kwamba ninakufa. Kifaransa hakikunijia. Kiswahili sanifu hakikunijia. Nilisikia sauti ya mama ikisema haulipigi, haulikimbii. Nikafungua mdomo. Ilichukua muda kuliko nilivyowahi kuwaambia wengine kwamba itachukua, halafu ikashuka.

Soko lilipoanza kuchangamka tena nikaenda kumtafuta. Alikuwapo mahali pake, amekonda kidogo kama sisi sote. Alinipimia sambaza, akaniongeza. Nikamwambia: "Mama, ile kitu muliniuliza mwaka jana. Sasa niliisikia."

Akaacha kufunga mfuko. Akaniangalia kama daktari.

"Ulisikia kwa kifua ao kwa roho?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu nilitaka kusema neno lenyewe.

"Kwa roho, mama."

"Njo vile," akasema, akanipa samaki wangu.